Mtoto ndiye mgonjwa, kwa nini tulazwe sote?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina binti wa miaka 13, yuko darasa la saba katika shule ya bweni. Alilelewa na bibi yake Machame hadi alipofika miaka saba. Mwezi wa sita alirudi likizo akiwa amekonda, hali chakula vizuri, usiku halali, na siku moja alimwambia mdogo wake kwamba hataki kuishi. Tumekwenda kwenye maombi, tumekwenda na hospitali. Malaria na taifodi hawakuziona. Sasa daktari wa magonjwa ya akili huko Moshi anasema alazwe, lakini anataka mimi nilale naye wodini muda wote, baba yake aje kwenye vikao mara mbili kwa wiki, na bibi naye aje angalau mara moja. Baba yake anaendesha watalii na huu ndio msimu. Mimi nina duka pale Kilombero. Mgonjwa ni mmoja, kwa nini tutibiwe wote? Au ndiyo wanatuambia kwa adabu kwamba sisi ndio tuliomharibu mtoto? Mama wa Sakina, Arusha.

JIBU: Marahaba, mama. Kabla ya kugusa swali lako, naomba nianze na yale maneno ambayo binti alimwambia mdogo wake, kwa sababu hayo hayasubiri majibu ya mtu yeyote, hata yangu. Mpaka siku mtakayopokelewa hospitalini, asilale chumbani peke yake. Vidonge vyote vya nyumbani, dawa za mifugo na sumu za shambani vifungiwe, na ufunguo ukae kwako. Akiyarudia maneno yale, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, msingoje tarehe mliyopangiwa, nendeni idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu usiku huohuo. Tena mwulizeni waziwazi kama bado anafikiria kufa. Wazazi wengi huogopa kwamba kuuliza ni kumpandikizia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo, lakini tafiti zimeonyesha kwamba sivyo, na mtoto anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupata nafuu kwa sababu amepata pa kuutua mzigo alioubeba kimya.

Sasa swali lenyewe. Umeuliza mambo mawili, moja la kazi, yaani kulazwa wote kutasaidia nini, na jingine la lawama, na nadhani hilo la lawama ndilo linalokukosesha usingizi.

Hofu yako ina historia, kwa maana taaluma yetu wakati fulani iliwabebesha akina mama mzigo huo huo unaouogopa. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann, Mjerumani aliyekuwa amehamia Marekani, aliandika kuhusu aina ya mama ambaye malezi yake ndiyo yanayomletea mtoto skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini mambo yasiyokuwepo, na maneno yake yakashikwa na wengi. Wazazi wa watoto wenye usonji (autism) nao wakaambiwa kwamba ubaridi wa mama ndio uliomfanya mtoto ajifungie ndani ya nafsi yake, wazo lililoenezwa sana na Bruno Bettelheim wa Chicago. Mawazo yote mawili yameonekana kuwa ni makosa, kwa sababu maradhi hayo yana mizizi katika urithi na katika namna ubongo unavyokua, na hakuna mama anayeyapika jikoni kwake. Lakini madhara yalikwisha kutokea, na nchi nyingi zina wazee waliozikwa wakiamini kwamba waliwaharibu watoto wao. Daktari wa leo anayeiita familia wodini ni mrithi wa taaluma iliyowahi kukosea hivyo, na kama ni daktari mzuri analijua hilo, na atakuruhusu umuulize swali hili hili ulilonitumia mimi.

Kilichobaki baada ya makosa yale kufutwa ni jambo jingine kabisa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, mwanasosholojia George Brown na wenzake huko London waliwafuatilia wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitali za akili, wakakuta kwamba waliorudi katika nyumba zenye kukosolewa sana, zenye uhasama, au zenye ndugu aliyewazonga kwa wasiwasi wake, waliugua tena kwa wingi kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu zaidi. Hakuna aliyesema kwamba nyumba zile ndizo zilizoleta ugonjwa. Fikiria mtoto mwenye pumu ya ukoo anayelala karibu na jiko la kuni. Mama aliyewasha jiko alikuwa anapika chakula cha watoto, hakutenda kosa, na pumu aliirithi mtoto kwa babu yake. Hata hivyo daktari atakayetoa dawa bila kuuliza habari za ule moshi atamwona mtoto huyo kila mwezi mpaka achoke. Sonona ya mtoto, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ambayo kwa maelezo yako ndiyo ninayoishuku kwanza ingawa siwezi kumpima mtu kwa barua, huingia nyumbani na kubadili kila mtu: mama anaanza kunyata, baba anapandisha sauti au anahama kwa kisingizio cha kazi, wadogo wanajifunza kutodai chochote, na baada ya miezi michache nyumba nzima inaishi kwa kuuzunguka ugonjwa. Hayo ndiyo yanayotibiwa mnapoitwa wote.

Wala msidhani kwamba kulala wodini na mtoto ni jambo la kigeni. Ingia wodi yoyote ya watoto hapa Kaskazini saa kumi na mbili asubuhi, utamkuta mama amejikunja pembeni ya kitanda akiwa na kanga yake na chupa ya chai. Ndiye anayempa mtoto uji, ndiye anayefua, ndiye anayekimbilia famasi na cheti. Nchini Uingereza, mpaka miaka ya 1950, hospitali nyingi ziliwaruhusu wazazi kumwona mtoto kwa saa chache tu kwa wiki, na ilibidi iundwe kamati chini ya Harry Platt, iliyotoa ripoti yake mwaka 1959, ndipo madaktari washauriwe kuwafungulia wazazi mlango. Sisi mlango huo hatukuufunga. Tulichofanya, na hapa natulaumu sisi wenyewe wa upande wa koti jeupe, ni kumtumia mama kama msaidizi wa muuguzi asiyelipwa, kisha daktari anapopita raundi tunamwomba atoke nje. Yule anayemjua mtoto kuliko sote anasimama koridoni huku sisi tukimjadili mtoto wake.

Matibabu anayokupendekezea daktari wako yanamrudisha mama ndani ya raundi, na yanamwita baba pia. Barani Afrika jambo hili lina mzee wake. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa Nigeria aliyesomea Uingereza na ambaye baadaye alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alianzisha mwaka 1954 huko Aro, Abeokuta, utaratibu ambao wagonjwa wa akili walipangishiwa vyumba katika vijiji vilivyoizunguka hospitali, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumpikia na kukaa naye. Mchana walitibiwa, jioni walirudi kijijini. Katika miaka hiyohiyo daktari Vidya Sagar wa Amritsar, India, alipiga mahema kwenye uwanja wa hospitali ili ndugu wakae na wagonjwa wao, na karibu na London hospitali ya Cassel, chini ya Thomas Main, ilikuwa tayari inawalaza akina mama pamoja na watoto wao wadogo. Hao walikuwa wakiwatibu watu wazima zaidi. Kwa watoto, jina linalokumbukwa ni la Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina, ambaye miaka ya 1970 kule Philadelphia alikuwa akikaa mezani na familia nzima ya mtoto anayejinyima chakula, wakala chakula cha mchana pamoja naye akiangalia, kwa sababu alitaka kuona jambo lenyewe likitendeka badala ya kusimuliwa.

Tofauti ya kuona na kusimuliwa ndiyo jibu la swali lako la kazi. Nikupe mfano, ambao nimeushona kwa vipande vya familia kadhaa ili asitambulike mtu. Mvulana wa miaka 12 amelazwa kwa sababu hali chakula. Siku ya tatu, chakula cha mchana kimeletwa, mama na baba wapo, muuguzi amekaa pembeni. Mama anambembeleza: kula kidogo tu, mwanangu, kwa ajili yangu. Baba anavumilia dakika tano, halafu anasema aachwe, njaa itamfundisha. Mama anamgeukia baba: unadhani hivyo kwa sababu hukai nyumbani. Baba anajibu kwamba hizo dawa mtoto anazokunywa zinalipwa na nani. Mtoto ameweka kijiko chini tangu zamani na hakuna anayemtazama. Muuguzi mwenye jicho anaandika kitu kidogo sana: mtoto hakuacha kula wazazi walipoanza kugombana, aliacha sekunde chache kabla, sauti ya mama ilipobadilika. Na alipoacha, ugomvi wa fedha uliokuwa unakuja ukageuka kuwa ugomvi wa chakula. Mtoto huyo, bila mwenyewe kujua, alikuwa ameifanya njaa yake kuwa mwamuzi wa amani ya nyumba yao.

Huwezi kumwambia mzazi jambo kama hilo likaingia. Linaingia linapofanyiwa mazoezi. Jioni ile wazazi wawili walikaa na muuguzi dakika 20 kabla ya chakula, wakapanga nani ataongoza, atasema maneno gani, na watafanya nini sahani ikirudi imejaa. Baba ndiye aliyeongoza, kwa sentensi fupi na bila hasira, na mama akapewa kazi ngumu kuliko zote, yaani kukaa kimya. Mlo wa kwanza ulishindikana. Wa tano ulikuwa na unafuu. Katika wiki mbili za wodini mna milo 42, na kila mmoja ni nafasi ya kujaribu tena mbele ya mtu wa kuwashika mkono, wakati kwenye kliniki ya kila baada ya wiki mbili ningesikia habari ya milo hiyo ikisimuliwa mara moja tu, tena na mzazi aliyechoka ambaye ameshasahau nusu yake. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa usingizi, kwa kuamka asubuhi, na kwa simu ambayo mtoto haitoi mkononi.

Nilipoanza kazi sikulijua hili. Nilimtibu msichana mmoja peke yake kwa majuma kadhaa, akachangamka hadi akawa anawachezesha watoto wengine wa wodi, nikamruhusu kwa furaha na kujisifu kidogo. Baada ya wiki tatu alirudishwa akiwa katika hali ileile ya kwanza. Nilikuwa nimemfundisha kuishi wodini, na nyumbani kwao hakuna aliyefundishwa kitu.

Katika hali ya binti yako kuna sababu nyingine ya kukuhitaji hapo, nayo ni dawa. Ikiwa daktari ataona sonona ni kali, huenda akaanzisha dawa kama fluoksetini, ambayo ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa watoto wenye sonona. Dawa hiyo huchukua wiki kadhaa kabla nafuu yake kuonekana, na katika wiki za mwanzo baadhi ya vijana huhangaika zaidi au mawazo ya kujidhuru huongezeka, hivyo inatakiwa macho ya mtu anayejua mtoto huyu kwa kawaida yukoje. Muuguzi wa zamu hawezi kujua kwamba binti yako akinyamaza hivi ni usingizi, na akinyamaza vile ni hatari. Wewe unajua.

Bibi wa Machame naye umeniandikia kana kwamba ni nyongeza ya ajabu. Mimi namwona kuwa pengine ni ufunguo. Mtoto aliyelelewa na bibi hadi miaka saba, akahamishiwa mjini kwa wazazi ambao aliwajua kwa sikukuu za Desemba, kisha akapelekwa bweni, ameagana na watu mara nyingi kuliko umri wake. Simaanishi kwamba mlikosea. Watoto wengi wa Kilimanjaro wamelelewa hivyo na wako imara. Lakini mtaalamu atakayechora mti wa familia yenu ubaoni atataka kujua nani alikuwa nani kwa mtoto huyu, na bibi atasema mambo ambayo hakuna mwingine anayeyakumbuka. Mwandae kwa jambo moja: kikao hiki hakifanani na kikao cha ukoo. Kule wazee wanasikiliza pande mbili, wanampata mkosaji, wanatoa hukumu na pengine faini. Hapa hakuna mkosaji anayetafutwa, na mtu akianza kutoa hukumu mwendeshaji atamzuia kwa heshima. Wazee wengi hushangaa siku ya kwanza, na wapo ambao hukasirika.

Kwa upande wa baba, usimwombe aache msimu mzima. Hakuna daktari mwenye akili atakayetaka hivyo. Mwombe yeye mwenyewe ampigie daktari, apewe siku za vikao mapema, kisha apange safari zake kati ya siku hizo. Dereva mwenzake anaweza kumshikia gari siku mbili. Mahali alipo na mtandao wa uhakika, kikao kimoja kimoja kinaweza kufanyika kwa simu, ingawa mimi nakipenda kile cha ana kwa ana. Nimeona akina baba wanaolipa kila kitu na hawajawahi kuulizwa wanaogopa nini. Mara nyingi wanaogopa kumpoteza mtoto, na hofu hiyo hutoka ikiwa imevaa nguo za hasira.

Nisikufiche kwamba njia hii ina mipaka. Watoto wengi wenye matatizo ya afya ya akili hawahitaji kulazwa kabisa. Hutibiwa wakiwa nyumbani, familia ikija kliniki. Kulazwa kunafaa pale ambapo usalama uko mashakani, kama kwa binti yako, au mtoto hali chakula kiasi cha kudhoofika mwili, au amepata saikosisi, yaani akili yake imeachana na uhalisia, na haelewi yuko wapi, au matibabu ya nje yamejaribiwa kwa dhati yakashindikana. Kabla ya yote, mwili upimwe vizuri: kifafa cha aina isiyoangusha, matatizo ya tezi ya shingo na upungufu wa damu vinaweza kujifanya ugonjwa wa akili, na vipimo vya malaria na taifodi peke yake havitoshi. Tena kuna hali ambayo familia haipaswi kuwekwa chumba kimoja hata kidogo, nayo ni pale mtoto anapoumizwa au kuingiliwa na mtu wa ndani ya familia hiyo. Hapo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mtoto alindwe kwanza, afisa ustawi wa jamii aingie, na mtu mzima anaweza kupiga namba 116 ya simu ya watoto bila malipo. Kwa hiyo usishangae daktari akiomba kuzungumza na binti peke yake, mlango umefungwa, wewe ukiwa nje. Hiyo ni haki yake, na mkubalie kwa uso mkunjufu, kwa sababu atakusoma uso kabla hajafungua mdomo. Huenda pia jambo limetokea bweni na hajapata wa kumwambia.

Hospitali zetu nyingi hazina wodi iliyojengwa mahsusi kwa familia, hivyo mtakachopata huenda kikawa chumba kimoja na godoro la ziada. Kabla ya kusaini, muulize daktari mpango ni wa siku ngapi, nani ataendesha vikao, mtapewa lini ruhusa ya kwenda nyumbani kwa majaribio ya siku mbili, na nani mtampigia mkikwama baada ya kuruhusiwa. Ruhusa ya majaribio ni muhimu kuliko inavyosikika. Ndipo mnapogundua kwamba yale mliyoyaweza wodini yanavunjika mkifika sebuleni kwenu, na mnarudi Jumapili jioni na kazi mpya mkononi. Pitia pia dirisha la bima uulize kipi kinalipwa na kipi hakilipwi kwa mzazi anayelala na mtoto. Duka mwachie mtu unayemwamini hata kama atauza nusu ya unavyouza wewe. Yule mdogo aliyeambiwa maneno mazito asisahauliwe: amebeba siri ya mkubwa wake, na anahitaji kuambiwa kwamba alifanya vyema kuisema na kwamba hakumsaliti dada yake.

Mtihani wa darasa la saba uko mwezi wa tisa, na najua hukuuliza lakini umeuwaza. Mwalimu mkuu aonwe mapema kwa barua ya daktari, na uamuzi ufanywe kulingana na hali ya mtoto ya wakati huo, si kwa ahadi mtakayompa leo.

Umeniandikia habari za kila mtu isipokuwa kama binti mwenyewe ameshaambiwa. Usimchukue kwa kumdanganya kwamba mnakwenda kumsalimia bibi. Kaa naye jioni, baba yake akiwepo au akiwa kwenye simu, umwambie kwamba mnakwenda Moshi hospitali kwa sababu amekuwa akiumia na ninyi hamjui namna ya kumsaidia vizuri, kwamba utalala naye huko, kwamba baba atakuja siku fulani, na kwamba anayekwenda kujifunza si yeye peke yake. Halafu nyamaza. Swali lake la kwanza, kwa watoto wa umri huo, mara nyingi ni kama shuleni watajua. Mjibu ukweli: mwalimu mkuu ataambiwa kwamba anaumwa na yuko hospitali, na mengine yote yatasemwa kwa idhini yake.